Nani Aketi Barazani?



Hapana nyumba isiyo na hukumu. Baba huhukumu baina ya watoto wake, mama baina ya binti na mkaza mwana, mwalimu wa chuo baina ya wanafunzi, na imamu baina ya waumini waliokosana. Twadhani kuhukumu ni kazi ya wenye majoho walioketi mjini juu ya viti virefu, la, sivyo. Kila aliyepata kuulizwa ni nani mwenye haki, akajibu, amekwisha kukikalia kiti hicho, naye ataulizwa juu yake mbele ya Mola wake.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba makadhi ni namna tatu, na namna mbili kati yao mwisho wao ni Motoni. Wa Peponi ni yule aijuaye haki akahukumu kwayo. Wa Motoni ni yule aijuaye haki akaipinda, na yule ahukumuye watu kwa ujinga. Huyu wa mwisho ndiye atutishaye zaidi, maana ujinga hauwi sikuzote ni uchache wa vitabu. Mtu aweza kuwa amesoma sana, akawa mjinga wa shauri lililo mbele yake kwa kuwa hakumsikia aliyepaswa kusikiwa. Ndiyo sababu Sayyidna Ali (r.a.), alipotumwa Yemen kuhukumu, aliusiwa na Mtume asitoe hukumu kwa maneno ya mmoja mpaka amsikie na wa pili.

Basi, swali letu leo ni hili: nani aketi barazani? Hukumu ni ya mtu mmoja, au watakaoishi nayo wana sehemu ndani yake?

Sisi wakazi wa Karatu tumewekwa na Mwenyezi Mungu mahali pa mafunzo juu ya jambo hili. Huku juu, Oldeani na Rhotia, Wairaqw wanalima ngano na mahindi. Ukivuka lango la Ngorongoro wakutana na Wamasai na mifugo yao. Ukiteremka Bonde la Eyasi wawakuta Wadatoga wafugaji na Wahadza wawindaji, na katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola wamejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, Waislamu wengi miongoni mwao. Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na Kiswahili ni lugha nne zisizo na undugu wa karibu, nazo zasikika katika soko moja. Tena kijiji kimoja cha huko Mang'ola chaitwa Barazani, kana kwamba jina lenyewe latukumbusha wajibu wetu.

Kila kabila katika hawa lina namna yake ya kuamua. Wamasai hukutana katika mkutano wauitao enkiguena. Kiongozi wa rika, yaani laigwanani, hatoi amri kutoka kichwani mwake, bali husikiliza mpaka maneno yaishe, kisha huyakusanya. Wadatoga wana jambo linalowashangaza wageni wengi: wanawake wao wana baraza lao, liitwalo girgwageda gademga, liwezalo kumshitaki mwanamume aliyevunja haki za wanawake na kumtoza ng'ombe. Mtaalamu George Klima, aliyekaa na Wabarabaig katika miaka ya 1950, aliliandikia habari mwaka 1964. Na Wahadza hawana hakimu kabisa. Wakigombana, mmoja huhama kambi mpaka moyo upoe.

Hatusemi kwamba mila hizo ni sheria yetu. Sheria yetu tunayo. Lakini mwenye akili hujifunza hata kwa jirani, na jirani zetu hawa watufundisha kwamba binadamu huikubali hukumu aliyokuwa na sikio na ulimi ndani yake. Asiyekuwa navyo aweza kutii kwa hofu, lakini moyo wake huhama, hata ikiwa miguu imebaki.

Nasi Waislamu tuna haja gani ya kwenda mbali? Tazameni aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, inayozungumza juu ya mume na mke wanaochelewa kutengana. Mwenyezi Mungu hakuamuru apelekwe mwamuzi mmoja, hata angekuwa mwanachuoni mkubwa wa mji. Ameamuru wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Hekima yake ni dhahiri. Mtu wa upande wa mke ajua yale ambayo mke hawezi kuyatamka mbele ya wakwe. Na mtu wa upande wa mume kadhalika. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya uwezo wa waamuzi hao: Wamaliki wasema wanaweza hata kuwatenganisha wanandoa, ilhali kauli iliyo mashuhuri kwa Mashafii ni kwamba wao ni mawakili, hawatengui ndoa ila kwa idhini. Lakini kwamba ni wawili, na kwamba hutoka pande mbili, ndiyo aya yenyewe.

Tukumbuke pia Bibi Khawla binti Thaalaba (r.a.), aliyekuja kumshitakia Mtume mumewe kwa kumfananisha na mgongo wa mama yake, kama walivyokuwa wakifanya watu wa Jahilia. Alijadiliana wala hakunyamazishwa. Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake na kuteremsha hukumu, na sura ile hata leo yaitwa Al-Mujadila. Ikiwa malalamiko ya mwanamke mmoja yalisikiwa juu ya mbingu saba, sisi tulioketi juu ya mkeka tuna ukubwa gani wa kutomsikia?

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa Mang'ola tuwe waandishi wa kikao cha namna hii. Mume alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Mke alikuwa Mwiraqw wa huku juu, aliyesilimu kabla ya kuolewa. Alikuwa ametoka nyumbani bila ya ruhusa na kurudi kwa wazazi wake. Mwamuzi wa upande wa mume alikuwa mjomba wake, mtu mzima mwenye heshima. Mwamuzi wa upande wa mke alikuwa kaka yake, kijana aliyesilimu vilevile.

Mume akasema kwa ufasaha, na muda mrefu. Mke akasema maneno machache, tena kwa Kiswahili ambacho si lugha ya moyo wake. Kwa wazee wengi shauri lilikuwa limekwisha: ametoka bila ya idhini, basi ni mwasi, hana haki ya masurufu. Kalamu yetu ilikuwa tayari. Ndipo yule kaka akaomba mama yao mzazi aitwe. Wengine wakanung'unika: huyu si Mwislamu, na hata akiwa nani, ni mwanamke, ataketije katika kikao cha waamuzi? Mjomba wa mume akajibu kwa upole kwamba mama huyo hakuitwa kuhukumu, ameitwa kueleza, na kwamba kumsikiliza aijuaye nyumba hakumtii mtu doa.

Yule bibi akaja, akazungumza kwa Kiiraqw, na mwanawe akatafsiri. Hakumtukana mkwewe. Aliuliza neno moja tu: zamu ya maji ya usiku ilikuwa ya nani?

Wakulima wa huko hugawana maji ya mifereji kwa zamu, na zamu ya usiku ni nzito: baridi, giza, na mwizi wa maji ukimwacha nusu saa shamba lako limekauka. Ikadhihirika kwamba kwa misimu miwili, mume akiwa safarini Arusha kuuza mzigo, mke ndiye aliyesimama na jembe mferejini, mtoto mgongoni. Mavuno yakauzwa yote, fedha zikaingia katika deni asilopata kuambiwa, naye hakuona hata senti. Alipouliza alijibiwa kwamba mambo ya fedha si yake. Hapo ndipo alipoondoka.

Kimya kikaingia. Waamuzi wakaanza upya maswali yao, na safari hii walimwuliza mume. Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa amezoea tu kutoulizwa, akakiri. Ikaandikwa sehemu ya mke katika mavuno, deni likawekwa wazi mbele ya wote wawili, na mke naye akakubali kwamba kuondoka bila ya kuaga hakukuwa njia njema. Akarudi nyumbani baada ya siku chache. Yule mjomba alituambia tulipokuwa tukifunga daftari: "Tungalihukumu nusu ya shauri, tukadhani ni zima."

Neno hilo halihusu nyumba peke yake. Watunga sheria wa nchi yetu nao wamelifikiri. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kifungu cha 7, iliamuru Mahakama ya Mwanzo ikae na wazee wasiopungua wawili. Wazee hao hawakuwa pambo. Walipiga kura pamoja na hakimu, na walio wengi ndio walioshinda. Mara nyingi hukumu ilitenguliwa katika rufaa kwa sababu wazee hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu 7, watatu wao wakiwa wanawake.

Kwa upande mwingine, katika miaka ya karibuni nafasi ya wazee na mabaraza imepunguzwa. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kukata mashauri ya ardhi, yakaachiwa usuluhishi. Na mwaka 2022 ikawa si lazima tena Mahakama Kuu kukaa na wazee katika kesi za jinai. Walioyataka mabadiliko hayo walitaja kuchelewa kwa mashauri na upungufu wa elimu ya sheria. Hoja hizo si za kupuuzwa. Mzee asiyejua sheria aweza kupotosha, na jamaa aweza kupendelea jamaa yake. Lakini dawa ya mzee asiyejua ni kufundishwa, na dawa ya anayependelea upande mmoja ni kuketi na mtu wa upande wa pili.

Jirani zetu wa Ngorongoro walionja jambo hili kwa ukubwa wake. Mamlaka ya Hifadhi ilipoundwa mwaka 1959 palikuwa na wajumbe wa Kimasai ndani yake, lakini mpango huo haukudumu. Mwaka 1994 likaundwa Baraza la Wafugaji. Lilipokuja suala la kuhamia Msomera, kuanzia mwaka 2022, na maandamano ya mwezi Agosti 2024, kilio kilichosikika sana ni cha watu waliosema wameamuliwa bila ya kuulizwa. Na mwishoni mwa mwaka huo Rais alitangaza kuunda tume mbili za kuyachunguza mambo hayo. Hatuingii katika ugomvi wenyewe. Twasema tu kwamba kusikiliza kuliko mwanzo huwa kwepesi, na kuliko mwisho huwa na gharama.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka shauri la talaka lipitie kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala wasiozidi watano. Nayo yaruhusu jumuiya za dini, ikiwamo yetu, kuwa na mabaraza yao. Hii ni amana mikononi mwetu. Je, ni mabaraza yetu mangapi yaliyo na mwanamke hata mmoja? Mangapi yaliyo na mtu ajuaye Kiiraqw au Kidatoga, ilhali wanaoletwa mbele yake ni Wairaqw na Wadatoga waliosilimu?

Atakuja mtu aseme kwamba ukadhi ni wa wanaume. Ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii, ingawa Imamu Abu Hanifa aliruhusu mwanamke ahukumu katika mambo ambayo ushahidi wake hukubaliwa. Lakini baraza la usuluhishi si kiti cha kadhi. Ni mahali pa nasaha na upatanisho, na katika nasaha Mtume mwenyewe, siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, alilifuata shauri la mkewe Ummu Salama (r.a.), na mambo yakatengenea.

Enyi wazazi, watoto wenu wakigombana, msimsikilize aliyewahi kulia tu. Mwulizeni na yule aliyenyamaza. Enyi viongozi wa misikiti, mnapochagua wajumbe wa baraza, tazameni watakaoletwa mbele yake ni nani, kisha mhakikishe kila mmoja wao atamwona pale ndani mtu amwelewaye. Nanyi vijana, mkiitwa kutafsiri au kuandika katika vikao vya wazee, msione haya wala msidhani ni kazi ndogo. Tafsiri moja ya haki iliirudisha nyumba nzima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, aliye mbora wa wenye kuhukumu, atupe masikio kabla ya ndimi, azipatanishe nyumba zetu na jirani zetu, na atuepushe na hukumu ya nusu ya shauri. Amin.