Filimbi Iliyopotea Juu ya Zulia



Mhariri wetu amenitaka mara mbili niandike juu ya kazi ninayoifanya jioni mezani pangu, ambayo mama watoto huiita mchezo wa wazee. Sikumjibu upesi. Mtu mzima kukiri mbele ya jamaa zake kwamba hutengeneza viungo vya magarimoshi ya mfano si jambo jepesi. Lakini mwaka huu limenifika jambo katika kazi hiyo, nami naona afadhali nilisimulie mwenyewe kabla halijasimuliwa na wengine.

Hapa Manchester jirani yangu ni mzee wa Kiingereza aliyepindukia miaka 80. Ujanani alijifunza ufundi katika karakana ya Beyer Peacock, mtaa wa Gorton, iliyofungwa mwaka 1966. Humo, katika miaka ya 1955 na 1956, ziliundwa injini 34 za aina ya Garratt kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zile tulizoziita 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na ilipewa jina la mlima wa kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mchochea moto wa injini hizo baina ya Mombasa na Nairobi. Moto wake ulikuwa wa mafuta mazito, si wa makaa, naye hata Ijumaa, baada ya kukoga na kuvaa kanzu, harufu ya mafuta yale haikumtoka. Neno Manchester nililijua kutoka kwake, kwa kuwa liliandikwa katika kibao cha watengenezaji ubavuni mwa injini, kabla sijajua kwamba ni mji wenye watu na mvua.

Basi mzee huyu, baada ya kustaafu, alijiundia 59 yake kwa shaba ya manjano, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Kipimo hicho hakukichagua ovyo. Reli yetu ya zamani, iliyotangulia ile mpya ya mwaka 2017, ina upana wa mita 1. Ukiigawa kwa 22.5 unapata milimita 44 na kitu, na reli za bustanini zinazouzwa madukani huwa na milimita 45. Injini yake ina urefu wa karibu mita 1 na sentimita 40, rangi yake ni ile damu ya mzee tuliyoizoea, na siku za jua huizungusha bustanini kwake.

Majira ya baridi ilianguka ikiteremshwa kutoka rafuni. Mikono ya mzee siku hizi inatetemeka, akaniletea imefungwa katika blanketi kama mtoto mgonjwa. Mwili wake ulikuwa salama. Vilivyoumia ni vile vidogo: ufito wa kushikia ulipinda na kuchomoka, kidato cha kupandia kilikatika, na filimbi iling'oka.

Wengi hudhani gundi hutosha. Haitoshi. Kidato kilichokatika kina uso wa kugusana usiozidi kichwa cha kiberiti, na gundi peke yake huachia kwa mguso wa kwanza. Dawa yake ni kutoboa tundu la nusu milimita kila upande, kwa kekee ya kuzungushwa na vidole, kisha kupitisha kipande cha waya wa shaba kiwe kama mfupa ndani ya nyama. Ugumu ni kuyalinganisha matundu mawili. Mimi hutoboa moja, hutia waya uchomoze kidogo, huugusisha rangi mbichi nchani, kisha huubana upande wa pili. Alama ya rangi hunionyesha pa kutoboa.

Ufito ulitaka lehemu, na hapo shaba humsaliti fundi, kwani moto husafiri ndani yake. Unaunga hapa, kule kiungo cha jirani kinaachia. Nilivizungushia viungo vya karibu pamba iliyolowa maji, nikafanya haraka.

Filimbi ndiyo iliyonishinda, na si kwa ugumu wa kazi. Filimbi ya futi 1 ikipunguzwa kwa kipimo kile hubaki milimita 13 hivi, kama punje mbili za mchele. Mzee aliimimina mwenyewe kwa madini laini ya risasi na bati, ambayo ukiyagusa na chuma cha lehemu cha kawaida huyeyuka yakawa tone. Huungwa kwa lehemu ya namna nyingine, inayoyeyuka kwa nyuzi 70, joto dogo kuliko la maji ya chai. Nayo haishiki juu ya shaba mpaka shaba ipakwe kwanza lehemu ya kawaida. Yote hayo niliyatayarisha. Nikaichukua filimbi kwa kibano, nikabana kupita kiasi, ikaruka kama panzi.

Sikusikia ilipoangukia, kwani chumba chetu kina zulia. Nililaza tochi sakafuni ili kila kitu kidogo kitupe kivuli kirefu. Nilifunga soksi nyembamba ya mama watoto mdomoni mwa mashine ya kufagilia, nikapata shanga, punje za wali na sindano. Sumaku haina kazi kwa risasi na bati. Siku tatu tulitembea chumbani humo kwa vidole vya miguu, wajukuu wakiona raha.

Siku ya nne nikatengeneza nyingine. Nilikifunga kijiti cha shaba katika kekee ya umeme, nikakiegemezea tupa ndogo kikizunguka, mpaka shingo na kofia ya filimbi vikatokea. Nilipoiunga na kuipaka rangi, nakiri, ilipendeza. Pembe zake zilikuwa kali kuliko za ile ya asili.

Sasa ndugu zangu, macho ya mzee hayaoni vyema. Angeipokea, angenishukuru, na jambo lingeishia hapo. Usiku mzima nilijiambia kwamba filimbi ni filimbi. Lakini hukumu ya amana sote tunaijua, wala haikutaja ukubwa wa kitu. Asubuhi nilimrudishia injini, nikamwambia.

Hakucheka, wala hakuniambia si kitu. Alipapasa paa mpaka akaifikia, akasema, "Ile niliimimina mke wangu akiwa hai. Alinishikia kikombe cha moto." Kisha akanyamaza, na chai ikatupoa. Nilirudi nyumbani nikijuta kusema, na nikijuta kwamba najuta.

Wiki ya tatu, katika swala ya Isha, nilipoinuka kutoka sijda ya mwisho kitu kilikuwa kimenata pajini mwa kanzu yangu. Kilikuwa kimejificha katika matamvua ya msala siku zote hizo, nao hukunjwa na kukunjuliwa mara tano kwa siku. Nilimaliza swala, lakini khushui ilikuwa imenitoka, Mola anisamehe.

Nilimpelekea usiku ule ule, karibu saa nne, nikiwa bado na kofia kichwani. Aliishika kiganjani muda mrefu. Nilimwuliza ipi ikae juu ya injini, nikitumaini kwa siri kwamba atasema yangu, maana ilininyima usingizi nyusiku mbili.

"Hii," akasema, akimaanisha yake. "Yako imenyooka mno."

Nimekwisha kuirudisha mahali pake. Yangu ameihifadhi katika kisanduku cha kiberiti, juu ya rafu, kando ya miwani yake.