Mdomo Mmoja, Mikono Mingi



Nimesomesha watoto zaidi ya miaka thelathini, na nikidhani najua namna ya kumliwaza mzazi. Usiku mmoja wa mwaka 2019 ulinionyesha kuwa bado ni mwanafunzi.

Mtoto wa jirani yetu hapa Dubai, mwenye miaka minne, alishikwa na homa kali, kisha degedege. Baba yake alipiga 998, gari la wagonjwa likaja upesi. Alfajiri tukapata khabari: ni homa ya uti wa mgongo, yumo katika chumba cha mahututi, na wanaoruhusiwa kuingia ni wazazi tu.

Sisi tukafanya tuliyoyazoea tangu Unguja: tukaenda. Watu ishirini na ushei tulijaa ukumbini na machupa ya chai, kila mtu na shauri lake. Bibi yake mzaa mama akapiga simu kutoka Zanzibar, akisisitiza mtoto wa degedege asidungwe sindano, itamuua. Imani hiyo ni kongwe katika pwani yetu. Mama mtoto, niliyemsomesha mwenyewe, alibaki akitetemeka na simu mkononi: amtii mama yake au daktari? Dawa ya maradhi yale hupitishwa katika mshipa, na kuchelewa ni khatari. Alhamdulillahi, alimsikiliza daktari.

Kisha nikatenda kosa langu. Nilimpigia simu jamaa wa Unguja: "Hali si nzuri, tuombeeni dua." Maneno yakapita midomo mitano. Baada ya Alasiri nyumba ya yule bibi ilijaa watu waliokuja kuhani. Bibi wa watu akamlilia mjukuu aliye hai.

Siku ya pili tulijipanga. Ami yake mtoto peke yake ndiye aliyetoa khabari, mara mbili kwa siku. Kijana wetu mmoja anayejua Kiarabu na Kiingereza alikaa na wazazi kila daktari alipokuja, akaandika aliyoyasema. Wengine walipika, wakampokea baba zamu ya kukesha ukumbini ili apate kulala. Bima, ambayo sheria ya Dubai ya mwaka 2013 iliifanya ya lazima, hulipia matibabu. Haiwapikii waliobaki nyumbani.

Mimi nilipewa kazi ya kumpeleka skuli dada yake, wa miaka saba. Siku ya tatu, ndani ya gari, aliniuliza: "Mwalimu, ni kwa sababu nilimsukuma?" Kumbe walikuwa wamegombana jioni ile. Siku tatu alikuwa na mzigo huo, wala hapana mtu mzima aliyemwuliza neno. Nilisimamisha gari nikamweleza kuwa maradhi yale huletwa na vijidudu, hayaletwi na ugomvi.

Mtoto alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Sikio la kushoto halisikii. Nilimwomba mwalimu wake amkalishe mbele, sikio zima limwelekee yeye.

Nilipokwenda Unguja mwaka ule, nilipita kwa bibi kumwomba radhi. Alinikaribisha kahawa, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, mara nyengine nipigie mimi kwanza."