Kabla ya kuwafokea watu wa Pwani

Wasee, leo najianika mwenyewe.

Mwaka jana nilitengeneza video kuhusu plastiki baharini. Nikasimulia lile jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvalishwa ndara kama 30,000, likasafiri hadi Zanzibar 2019. Nikamalizia kwa sauti nzito: "Watu wa Pwani, acheni kuchafua bahari!"

Mama akaitazama yote. Akaniuliza, "Na zile daipa ulitupa jana usiku, baba, zilienda wapi?"

Nilikosa jibu. Tangu niache chuo nirudi Itumbe, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Giza likiingia nabeba gunia la daipa za mtoto wa dada, napita katikati ya majani chai, natupa kwa kijito. Huku hakuna gari la taka. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi huoni kitu. Nikadhani zimeisha.

Haziishi. Maji yetu yanashuka hadi mto Gucha. Gucha ukifika Migori unaitwa Kuja, halafu unaingia Ziwa Victoria. Ziwa linatokea Jinja, linakuwa Nile, mpaka bahari ya Mediterania. Sisemi daipa zetu zimefika Misri. Hata zikikwama ziwani, shida ni ile ile: watafiti walishakuta plastiki matumboni mwa mbuta na ngege walionunuliwa soko la Mwanza. Samaki wa ziwa hilo ndio tunakula hapa. Na kabla ya ziwa, kuna mtu huko chini anachota maji ya kunywa.

Sasa dada amekata shuka kuukuu akashona nepi. Daipa ni za usiku na safari tu. Uchafu unaenda chooni, daipa zinaingia shimo tulilochimba mbali na mto. Si dawa kamili, najua. Bado tunahitaji kaunti ituletee mahali pa taka. Lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, watu wakalia, na leo tunabeba vikapu bila kelele. Tunaweza kubadilika.

Ile video niliifuta. Nitarekodi nyingine, na hii naanzia pale kijitoni, nikiwa na gunia tupu mkononi.

Na wewe wa mjini, mwenye gari la taka linalopita mlangoni: hebu fuata ule mtaro wa nyuma ya ploti yenu. Unaelekea wapi?