Kilo 28 na Upepo wa Kigombe

Kama unatafuta disko na foleni ya watu wa kujipiga picha, Kigombe utaiona imepooza. Toka Tanga mjini, shika njia ya Pangani, pita mashamba ya mkonge, na kabla hujachoka kukaa umeshafika: minazi, ngalawa, dagaa kwenye jua, na bahari ambayo maji yakitoka unatembea mbali mpaka wa ufukweni wanakuona kama kijiti. Eneo hili limo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka duniani. Kwangu mimi ni ukweni, na mwezi wa saba nilikwenda na binti yangu wa miaka 9.

Sasa jamani, huyu mtoto alishaona kaiti kule Paje, Unguja. Kwa wasiojua, kaiti ni tiara kubwa ya kitambaa, kingo zake zinajazwa hewa kwa pampu, na inakuvuta juu ya maji umesimama kwenye ubao. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili uvumbuzi huo wa tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984. Mwaka 2024 mchezo ukaingia Olimpiki ya Paris, mashindano yenyewe yakifanyika Marseille. Na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafundisha kaiti kisiwani na alikuwa nyumbani likizo. Unaona mambo yalivyojipanga! Mume wangu kwenye simu akasema, "Mwache ajaribu." Mimi kimya. Ndoa zimetikiswa na madogo kuliko hilo.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza swali la maana: "Akichukuliwa, nani anamfuata, na kwa chombo gani?"

Pwani swali hilo si la woga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Shemeji hakubisha. Siku mbili za mwanzo hakuna kaiti: kuogelea, kuelea chali, kunywa chumvi kidogo. Wenyeji wa rika lake wakamcheka, maana wao walijifunza wakiwa wamekumbatia dumu tupu. Halafu somo la upepo. Alfajiri kuna umande, upepo wa kutoka bara, unaowapeleka wavuvi nje. Huo ni mzuri kwa tanga na mbaya kabisa kwa mtoto mwenye kaiti, kwa sababu utamsukuma kwenye kina. Kusi la mchana linapiga ubavuni na kuelekea kidogo nchi kavu. Mtoto akiachia kila kitu, linamrudisha ufukweni.

Kaiti ya kazi ya shemeji ina mita za mraba 9. Nikamuuliza kwa nini asimshikie tu kwa pembeni. "Shemeji, hii ni ya mtu wa kilo 75. Ukimfunga nayo mtoto wa kilo 28, humfundishi, unamsafirisha." Akatoa ya mita 2 kwa mchangani, na nyingine ya mita 4 ya majini, yenye kamba fupi karibu nusu ya zile za wakubwa. Kamba fupi, tiara haipati nafasi ya kukimbia angani, na mvuto unapungua. Mkanda nao si ule wa kiunoni. Watoto hawana nyonga, jamani! Mkanda wa kiunoni unapanda mpaka kwapani na kubana kifua, kwa hiyo alivaa wa kukalia, unaopita mapajani. Kofia ngumu, jaketi la kuelea linalomkaa sawasawa (si la kaka yake), viatu vya mpira kwa ajili ya matumbawe.

Ila kitu nilichokipenda ni kile kifungo chekundu cha kujifungua, ambacho ukikisukuma tiara inaanguka na kupoteza nguvu. Shemeji alimfanyisha mchangani mara 20, tena macho yamefungwa, kwa vidole vyake mwenyewe. Kifaa ambacho mkono wa mtoto hauwezi kukifungua, aliniambia, si kifaa cha mtoto, hata kama kimeandikwa hivyo. Nawe ukimpeleka wako kwenye shule yoyote, omba kwanza uone mtoto akijifungua. Wakikuangalia kwa dharau, chukua mwanao mkanywe madafu.

Siku ya tano aliingia majini, maji yakimfika kiunoni, baba yake mdogo ameshika mkanda kwa nyuma. Upande ambao upepo unakwenda ilitia nanga ngalawa na vijana wawili, sharti la bibi. Tiara ikapanda, mtoto akavutwa kwa tumbo hatua kama kumi, akajifungua, akainuka anacheka na kamasi. Bibi, chini ya mkungu, alikuwa bado anahesabu watu waliomo majini.

Ukitaka kwenda, kusi liko vizuri Juni hadi Septemba na kaskazi Desemba hadi Machi. Miezi ya malelezi upepo hauna msimamo. Nenda kula pweza tu.

Kusimama kwenye ubao bado. Shemeji amesema mpaka afikishe kilo 35 na aogelee kutoka kwenye ngalawa hadi ufukweni bila boya. Sasa kila Jumamosi tukienda sokoni anapanda kwenye mzani wa muuza viazi.