Vyakula vya Njiani Mjini Nairobi

Mtu aingiaye Nairobi kutoka magharibi, kwa barabara ya Waiyaki, hukutana na chakula kabla ya kukutana na mji. Jua halijapanda, na hapo Kangemi, karibu na kituo cha matatu, mafuta yamekwisha kuchemka katika karai. Wafanyakazi hununua mandazi na chai, wakala wima huku macho yao yakitazama gari. Mchana pia wengi wao watakula njiani, maana ujira wa kibarua haumketishi mtu hotelini kila siku.

Katikati ya mji, katika barabara ya Tom Mboya na River Road, chakula huja kwa toroli. Mayai ya kuchemsha na soseji ndogo ziitwazo smoki hupasuliwa kwa kisu, hutiwa kachumbari, na mlaji hupokea katika kipande cha karatasi. Mananasi na matikiti hukatwa vipande pale pale. Vitu vyenyewe ni vizuri, na bei yake ni ya mtu maskini. Lakini mtazamaji mwenye busara haangalii yai; huangalia ndoo iliyo chini ya toroli. Maji yale yale huosha kisu, nyanya, kitambaa na mikono tangu asubuhi, na ifikapo saa tisa rangi yake si ya maji tena.

Yafaa kusema kwamba watu wengi huogopa kisichostahili kuogopwa. Githeri inayotokota barabarani, au andazi litokalo katika mafuta ya moto, halina hatari nyingi, kwa kuwa moto huua vijidudu vya maradhi. Hatari imo katika kile kisichopita motoni, hata kikiwa mezani kwa wakubwa. Mwezi wa Julai 2017, kipindupindu kilipokuwa mjini, watu waliokula katika maonyesho ya biashara kwenye jumba la KICC waliugua, na mawaziri wawili wa serikali wakalazwa hospitalini. Chakula hicho hakikutoka katika toroli.

Sheria yataka kila ashikaye chakula cha kuuza apimwe na kupewa cheti cha afya, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Ni sheria njema. Ila mchuuzi asiye na leseni humwogopa askari wa jiji kuliko maradhi. Baraza la Jiji lilikwisha mwaka 2013, Kaunti ikashika mahali pake, lakini askari bado huitwa kanjo, na sauti ikisema “kanjo!” toroli zote hukimbia. Mtu aliye tayari kukimbia hupunguza mzigo, na kitu kizito kuliko vyote ni maji. Kwa hiyo huyaacha.

Nairobi imekwisha kujaribu ukali. Mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, wakuu walilitia moto soko zima. Tauni ilirudi katika miaka iliyofuata.

Jioni matatu huwarudisha watu magharibi, na Kawangware moshi wa mutura umejaa njiani. Hapa ubao wa kukatia ndio wa kutazamwa, maana nyufa zake huficha damu ya jana. Mwenye ubao anajua. Lakini maji ya mfereji, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini katika Murang'a, yalianza kugawanywa kwa zamu Januari 2017, na siku mfereji ukikauka yeye hununua mtungi wa lita 20. Kila mtungi wa kuoshea hupunguza faida ya jioni ile, naye ana karo ya watoto.

Wakati wa Korona, mwaka 2020, madumu yenye koki yaliwekwa milangoni mwa maduka na vituoni. Hapakuwa na kifaa rahisi kuliko hicho: maji hupita mikononi mara moja, yakaanguka, hayarudi ndooni. Hofu ilipopungua, mengi yalikauka, na koki zikaibwa. Wachuuzi wachache wameyabakiza, yamefungwa kwa waya kwenye nguzo ya kibanda. Kwao mteja anyooshaye mkono kuchukua kipande cha mutura huonyeshwa dumu kwanza. “Nawa kwanza, ndugu,” huambiwa, na kisu husubiri.