Mlango wa Ghala la Makaa



Wiki hii tunapenda kuwashirikisha jambo lililotugusa tulipokuwa safarini Ayalandi, nchi iliyotuletea wamisionari wengi Afrika Mashariki. Jioni moja ya baridi, tukiwa mapadre wawili na sista mmoja, tuliingia katika ukumbi mdogo mjini Dublin kumsikiliza mwandishi Claire Keegan akisoma kitabu chake, Small Things Like These, kilichotoka mwaka 2021. Tulidhani tunakwenda kuburudika.

Hadithi inamhusu Bill Furlong, mwuza makaa ya mawe katika mji wa New Ross, siku za kuelekea Noeli ya mwaka 1985. Anapeleka makaa kwenye nyumba ya watawa, na ghalani anamkuta msichana amefungiwa. Msichana yule anauliza habari za mtoto wake mchanga.

Mwandishi alisoma polepole, bila kupaza sauti. Nasi wenye kola shingoni tuliinamisha macho. Furlong ni mtu wa kubuniwa, lakini nyumba zile za kufulia zilikuwapo kweli, nyingi zikiendeshwa na mashirika ya watawa. Kati ya mwaka 1922 na 1996, ilipofungwa ya mwisho, zilipitiwa na wanawake na wasichana wapatao 10,000. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Katika hadithi, mji mzima unajua, nao mji mzima unakwenda Misa. Mke wa Furlong anamsihi asijiingize. Furlong mwenyewe anapokea bahasha ya fedha kutoka kwa mama mkuu na kwenda zake. Ni baadaye tu dhamiri inapomrudisha kwenye ghala lile. Tukamkumbuka yule kuhani wa Luka 10:31, aliyeona, akapita kando.

Usiku ule, mezani, sista alituuliza: “Baba, yule binti wa kwaya yetu yuko wapi siku hizi?”

Hatukuwa na jibu. Alipopata mimba, tuliagiza jina lake liondolewe katika kwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kubisha hodi kwao. Hatukumfungia ghalani. Tulimfungia nje tu, tukaendelea kuimba.

Jumatano iliyopita tulikwenda. Mama yake alitukaribisha chai. Mjukuu, mwenye meno mawili, alitambaa hadi miguuni petu. Binti mwenyewe hakutoka chumbani, wala hatukumlazimisha. Tulimwomba msamaha tukiwa upande wa pili wa mlango, tukaaga. Tutarudi tena.

Ndugu zetu, katika Jumuiya zenu Ndogondogo wiki hii, ulizaneni: ni mlango upi ambao sote tunaujua, na sote tunaupita? Nasi mtuombee.

Tunawatakia Dominika njema.