SEHEMU YA 9: Mwongeaji na mkimya kwenye meza moja

Nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kulaiki, nawaona.

Wiki hii mama mmoja kaniandikia inboksi. Wanae wawili wanacheza Dungeons & Dragons na watoto wa jirani. Mkubwa anaongea mwanzo mpaka mwisho, mdogo anakaa tu, kisha anaondoka mezani kwenda kulala. Anauliza: nimnyamazishe mkubwa au nimlazimishe mdogo aongee? Mama, usifanye lolote kati ya hayo. Mchezo huu nimeujulia ukubwani, huku Minnesota ninakofanyia kazi, na Jumamosi nikiwa sina zamu mimi ndiye msimamizi wa meza nyumbani kwetu. Kwa hiyo naongea ninachokiona.

Kwa wasioujua: ulitoka mwaka 1974, waliotunga ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na huyo Arneson ni wa huku huku Minnesota. Hakuna skrini. Msimamizi anasimulia, labda mmefika kwenye mlango wa pango na ndani kunanuka moshi, halafu kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Pakiwa na wasiwasi kama jambo litawezekana, anarusha dadu lenye pande 20. Sisi tuliokua na paukwa pakawa tunauelewa haraka, ila hapa msikilizaji naye anaigeuza hadithi.

Sasa shida inaanzia hapa. Wakati wa mapigano kuna foleni: kila mtu anarusha dadu, mwenye namba kubwa anaanza, zamu inazunguka. Hata mkimya ana dakika yake. Mapigano yakiisha, foleni nayo imeisha. Kinachobaki ni kuongea na mzee wa kijiji, kuchagua njia, kupekua sanduku, na mwenye mdomo mwepesi ndiye anayeamua yote. Wala si mtoto mbaya. Kimya kinamuuma tu, anakijaza.

Kazini, wakiletwa watoto wawili kwa pamoja, mmoja analia mpaka kuta zinatikisika na mwingine amelegea kimya begani kwa mama yake, macho ya nesi yanakwenda kwanza kwa yule aliye kimya. Anayelia walau unajua anapumua. Mezani nakaa na macho hayohayo, ila kimya cha pale hakifanani chote. Mtoto anayefuata dadu kwa macho, anayecheka panapochekesha, anayechora ramani ya pango pembeni, huyo anacheza, muache. Anayesogeza kiti nyuma na kuuliza saa ngapi, huyo amesukumwa nje.

Binti wa dada yangu alikuja kutoka Tanzania akiwa na miaka 9. Nyumbani alikuwa anaongea kama kawaida, shuleni karibu hasemi, na dada yangu alikuwa halali kwa mawazo. Mezani kwangu alichagua kuwa mganga, yule anayeponya wenzake. Mwanangu, mwongeaji namba moja, ni mtu wa upanga. Jumamosi moja kajitosa mbele peke yake, kapigwa mpaka uhai wake ukafika sifuri. Kwenye mchezo huu ukifika hapo unaanguka, na kila zamu yako unarusha dadu: 10 au zaidi umefaulu, chini ya hapo umekosa. Ukikosa mara tatu kabla hujafaulu mara tatu, mhusika wako kafa. Alishakosa mara mbili. Meza nzima inapiga kelele, fanya hivi, fanya vile, na zamu ni ya binti. Niliinua mkono wanyamaze. Nikamuuliza kwa jina la mhusika wake: "Mganga, yuko hatua chache mbele yako na adui yuko karibu. Unafanyaje?" Halafu nikanyamaza. Jamani, kile kimya kilikuwa kirefu! Akasema, "Nakimbia, namgusa." Maneno mawili tu. Mtu wa upanga kaamka.

Swali lenyewe lina kazi yake. "Na wewe unataka kufanya nini?" ni pana mno, mtoto mwenye aibu anazama humo. Muulize kitu kinachomhusu mhusika wake, chenye njia mbili au tatu. Na subiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwachunguza walimu darasani miaka ya 1970 akakuta wanangoja jibu kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Hesabu moyoni uone 3 zilivyo ndefu.

Mwongeaji naye usimwaibishe. Mpe kazi: akumbushe zamu ya nani, aandike vitu walivyookota. Mwanangu namwambia, "Muulize mganga anaonaje." Anaona ni heshima kuulizia, na kelele zake zinafungua mlango badala ya kuuziba. Lile la "mbona wewe huongei?" mbele ya watu, tafadhali liacheni kabisa, na mashangazi muwaambie.

Kidogo la kinesi. Mtoto aliyehamia lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa muda akisikiliza, hilo ni la kawaida. Ila anayeongea vizuri nyumbani na hawezi kabisa shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukiacha ule mwezi wa kwanza wa shule, mpeleke aonwe na mtaalamu. Na aliyekuwa mwongeaji akanyamaza ghafla, usisubiri, kaa naye umuulize kuna nini na umpeleke kwa daktari. Huyo hatibiwi na dadu.

Binti bado ni mkimya, msije mkadhani kageuka mtangazaji wa redio. Jumamosi iliyopita kasema labda mara tano. Ramani zote za pango ni zake, na wenzake hawaingii popote kabla hajaonyesha njia.

Mnaouliza bei: sheria za msingi zinapatikana bure mtandaoni, mtahitaji dadu, karatasi na penseli. Kesho naingia zamu ya usiku, komenti nitazijibu Alhamisi. Sehemu ya 10 ni homa na dozi ya panado kwa uzito wa mtoto.